Namba ya Watanzania inaishia na sifuri. Je, walikadiria tu?

"Kamwene dada. Najua wewe unaandika mambo ya chanjo na lishe, lakini hili la leo sina pa kulipeleka."

Ndivyo ulivyoanza ujumbe wa baba mmoja wa Kalenga, kijiji kilicho nje kidogo ya Iringa mjini, ambacho wengi mnakijua kwa makumbusho ya Mtwa Mkwawa. Mwanawe wa darasa la sita alirudi na kazi ya nyumbani. Mwalimu aliandika ubaoni namba 61,741,120, idadi ya Watanzania kwa Sensa ya mwaka 2022, akawataka watoto waieleze. Ni shufwa au witiri? Ni tasa au siyo? Inagawanyika kwa namba zipi?

Mtoto akakwama, na baba akakwama naye. Kisha mtoto akatoa hoja ambayo ndiyo hasa iliyomfanya baba aniandikie: "Baba, namba hii inaishia na sifuri. Hawa hawakuhesabu, wamekadiria tu."

Kamwene baba. Hoja ya mwanao ni nzuri kuliko anavyodhani, na inagusa moja kwa moja mambo ya kliniki. Nitafika huko. Kwanza tumalize daftari.

Tuanze na kuisoma. Ni milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Angalia neno "elfu" nimeliweka wapi. Kiswahili chetu kina mtego hapa, na wazazi tunaingia humo kila siku. Mtu akikwambia "elfu ishirini na tano", utaandika 25,000. Mwingine akiisoma hivyo hivyo kwa maana ya 20,005, hajakosea sana. Sokoni haitusumbui kwa sababu hakuna anayedai shilingi tano siku hizi. Kwenye daftari inasumbua. Njia salama ni kutanguliza idadi halafu elfu: "ishirini na tano elfu" ni 25,000, na "ishirini elfu na tano" ni 20,005. Mkazoeshe mtoto hivyo, atapona na makosa mengi ya mtihani.

Sasa aina yake. Tarakimu ya mwisho ni 0, kwa hiyo ni namba shufwa, yaani inagawanyika kwa 2 bila baki. Kwa kuwa inagawanyika kwa namba nyingine mbali na 1 na yenyewe, basi siyo tasa. (Kama mwandishi wa afya, neno hilo huwa linanikera kidogo. Nimekaa na wanawake walioitwa "tasa" na mawifi zao kabla hata mume hajapimwa. Ningefurahi kama lingebaki kwenye hisabati peke yake, ambako maana yake ni namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, na ambako halimuumizi mtu.)

Chukueni karatasi mkate nusu kwa nusu. Nusu ya 61,741,120 ni 30,870,560. Nusu ya hiyo ni 15,435,280. Endeleeni: 7,717,640, halafu 3,858,820, halafu 1,929,410, halafu 964,705. Hapo panagoma, maana 964,705 ni witiri. Tumekata mara sita. Sasa inaishia na 5, basi gawanyeni kwa 5 mpate 192,941. Hii nayo inagawanyika kwa 7, inabaki 27,563. Hapa ndipo wengi wataweka kalamu chini waseme imekuwa tasa, kwa sababu haikubali 7 tena, wala 11, wala 13, wala 17. Msikate tamaa. Inakubali 43, na jibu ni 641. Hiyo 641 kweli ni tasa, haina mgawanyo mwingine.

Kwa hiyo Watanzania wote, kwa lugha ya vigawo, ni 2 mara sita, kisha 5, kisha 7, kisha 43, kisha 641. Zidisheni zote pamoja mtairudia 61,741,120 bila kupungua hata mtu mmoja. Na ukichanganya vigawo hivyo kwa kila namna inayowezekana, unapata namba 112 zinazoigawanya bila baki. Kwa usiku wa baridi ya Iringa, kuzitafuta zote ni kazi tosha kwa familia nzima.

Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: ungewapanga Watanzania wote katika makundi ya watu kumi kumi, ungepata makundi 6,174,112, na hakuna angebaki peke yake. Saba saba pia, makundi 8,820,160. Lakini ungewapanga watatu watatu, mtu mmoja angekosa wenzake. Hilo mtoto anaweza kulijua bila kugawanya. Ajumlishe tarakimu zote: 6 na 1 na 7 na 4 na 1 na 1 na 2 na 0, ni 22. Kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa 3, basi na namba nzima haigawanyiki kwa 3. Ukigawa 22 kwa 3 inabaki 1, na ndiye huyo mtu mmoja aliyekosa kundi.

Mwalimu akitaka kuwachokoza zaidi, kuna mgawanyo mwingine wa zamani sana. Yapata miaka 1,900 iliyopita, Nicomachus, mwanahisabati aliyeandika kwa Kigiriki, aliziweka namba katika mafungu matatu kwa kujumlisha vigawo vyake, ukiiacha namba yenyewe. Vigawo vya 10 ni 1, 2 na 5, jumla 8, basi 10 ni pungufu. Vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16, basi 12 imezidi. Vya 6 ni 1, 2 na 3, jumla 6 ile ile, nayo tuiite timilifu. Namba timilifu ni adimu kweli. Baada ya 6 inakuja 28, halafu 496, halafu 8,128, na ya tano ni 33,550,336. Ile yetu ya sensa iko fungu la zilizozidi: vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinafika jumla ya 110,458,688. Msijaribu hilo kwa vidole.

Sifuri ya mwisho

Turudi kwa hoja ya mtoto. Je, ile sifuri ni dalili ya kukadiria?

Matokeo ya sensa yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022 na Rais Samia Suluhu Hassan, na jumla ile ina sehemu zake. Tanzania Bara walikuwa 59,851,347. Zanzibar walikuwa 1,889,773. Bara inaishia na 7, Zanzibar inaishia na 3, na 7 ukijumlisha na 3 ni 10. Unaandika 0, unabeba 1. Sifuri imetoka hapo tu. Hakuna aliyeikata namba mkia.

Mtoto mjanja atarudi na swali la pili, na ningempa pipi kwa swali hilo. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Mbona nazo zote zinaishia na sifuri? Ni bahati. Jumla ikishaishia na sifuri, na wanawake wakiishia na sifuri, basi wanaume hawana namna, lazima nao waishie na sifuri. Bahati yenyewe ya wanawake kuishia na sifuri ni moja kati ya kumi, sawa na kuchomoa karatasi moja kati ya kumi kwenye kofia na kukuta ndiyo uliyoitaka. Hutokea. Ila namba moja kuishia na sifuri haithibitishi kitu. Namba nyingi kuishia na sifuri kupita kiasi, hilo ndilo lenye maneno.

Wataalamu wa takwimu wana kipimo kwa ajili hiyo, nacho kinaitwa kipimo cha Whipple. Wanachukua watu wote wenye umri wa miaka 23 hadi 62. Hapo kuna miaka 40, na miaka inayoishia na 0 au 5 ni minane tu: 25, 30, 35, 40, 45, 50, 55 na 60. Minane kati ya arobaini ni moja ya tano. Kama watu wanataja umri wao wa kweli, basi karibu moja ya tano yao wataangukia miaka hiyo, na kipimo kitasoma 100. Kama kila mtu anakadiria umri kwa 0 na 5, kitasoma 500. Nchi nyingi, hasa zile ambazo wazee wengi hawakupata cheti cha kuzaliwa, husoma juu ya 100. Watu wanarundikana kwenye 30, 40 na 50, halafu 41 na 49 wanaonekana kama walikuwa safarini.

Si uongo wa makusudi. Fikiria mzee wa Kalenga aliyezaliwa mwaka 1954, mwaka ambao Gavana Edward Twining alilirudisha fuvu la Mkwawa kutoka Ujerumani. Wazazi wake hawakuandika tarehe mahali, walikumbuka tukio tu. Karani wa sensa alipofika na kishikwambi chake Agosti 2022, mzee alikuwa na miaka 67 au 68. Kama mjukuu aliyekaa karibu hajui historia, atamjibia: "Babu ana sabini." Karani anaandika 70. Kwenye jumla ya taifa hakuna kilichoharibika, mzee kahesabiwa na bado ni mtu mmoja. Kilichoharibika ni umri, na umri ndio unaotumika kupanga wazee wangapi watahitaji huduma gani na watoto wangapi watahitaji chanjo mwakani.

Miezi kumi na moja siyo mwaka

Hapa sasa nimefika kazini kwangu.

Ukikaa kliniki ya mtoto asubuhi moja tu, utasikia kurundikana kule kule, ila kwa miezi. "Ana miezi mingapi, mama?" "Mwaka." Muuguzi akifungua kadi anakuta ni miezi kumi na moja. "Huyu?" "Miezi sita." Kadi inasema mitano na siku chache. Na akina baba tunaowasifu siku hizi kwa kuwaleta watoto, samahanini, nyinyi ndio mnaokadiria zaidi.

Tofauti ya mwezi mmoja inaonekana ndogo. Chukua vitamini A, ile inayotolewa kila Juni na Desemba kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anapewa vizio 100,000. Kuanzia miezi 12 anapewa vizio 200,000. Yaani laki moja dhidi ya laki mbili, mara mbili kamili, na kinachoamua ni mwezi mmoja ambao mzazi ameusawazisha mdomoni. Hata vidonge laini vyenyewe vimetofautishwa kwa rangi, bluu kwa laki moja na nyekundu kwa laki mbili, kwa sababu binadamu huchanganya namba. Mtoto akizidishiwa kipimo anaweza kutapika, au utosi ukavimba kwa muda. Aliyetajwa umri mdogo kuliko wake anapata nusu ya kinachomstahili. Na mtoto wa miezi mitano aliyeitwa wa sita amepewa kitu ambacho muda wake haujafika.

Dawa ni kadi. Usimtajie muuguzi umri kwa kumbukumbu, mpe kadi ahesabu kutoka tarehe ya kuzaliwa. Na kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa bado, hicho ndicho kitu cha kushughulikia mwezi huu kabla ya sare mpya ya shule.

Uzito vile vile. Mshale wa mizani ukisimama 9.8, mwambie muuguzi kwa upole aandike 9.8 na siyo 10. Mwezi ujao mtoto akiwa 9.9, mstari wa kadi utaonyesha ameongezeka kidogo. Ukiwa umeandikwa 10, mstari utaonyesha amepungua, na mtaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtoto aliyepungua kweli anaonekana amesimama pale pale, kwa sababu miezi miwili mfululizo ameandikwa 10.

Na kuna sifuri ambayo ningependa kila mzazi aijue kwa macho, ile iliyo mbele ya nukta. Nusu mililita inaandikwa 0.5. Mtu akiandika .5 bila sifuri, na kalamu ikawa na wino hafifu, nukta inapotea na mama anasoma 5. Hiyo ni mara kumi. Upande wa pili, 5 iandikwe 5 tu. Ukiandika 5.0, nukta ikifutika inakuwa 50. Kwa hiyo kwenye dawa sifuri ya mbele ni lazima, na ya nyuma haitakiwi. Ukipewa dawa ya maji ya mtoto na huelewi namba iliyoandikwa kwenye chupa, rudi dirishani uulize kabla hujatoka getini. Foleni itanung'unika, mwache inung'unike.

Kidogo nisahau: mwenzake baba yule aliuliza kama namba ya NIDA nayo inaweza kuchambuliwa hivi. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Unaweza kuigawa kwa 7 ukipenda, lakini jibu halitakwambia kitu, maana ile haihesabu chochote. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, kama namba ya simu. Ya sensa inahesabu watu, ndiyo maana kuigawa kuna maana.

Mchezo wa 6174

Nimewawekea kitamu mwishoni. Tazameni tena mwanzo wa namba ya sensa: 6, 1, 7, 4. Mwaka 1949, mwalimu wa shule wa Devlali nchini India, D. R. Kaprekar, aligundua tabia ya ajabu ya 6174. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi zote nne zisifanane. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kutoka ndogo kwenda kubwa, halafu toa ndogo kwenye kubwa. Jibu lifanyie hivyo hivyo. Ndani ya hatua saba au pungufu utafika 6174, na ukifika hutoki, kwa sababu 7641 toa 1467 ni 6174 ile ile.

Tuujaribu mwaka wa sensa, 2022. Tunapanga 2220, tunatoa 0222, tunapata 1998. Kisha 9981 toa 1899 ni 8082. Kisha 8820 toa 0288 ni 8532. Kisha 8532 toa 2358, ni 6174. Hatua nne. Mwaka fuvu liliporudi Kalenga, 1954, unafika kwa hatua tatu. Mwaka wa Uhuru, 1961, unazunguka mpaka hatua ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho inayoruhusiwa.

Watoto wakikosea, kuna namna ya kuwashika bila wewe kurudia hesabu yote. Kila jibu la kutoa, tarakimu zake zikijumlishwa lazima zifike 9, 18 au 27. Ikija 17 au 20, mtu amekopa vibaya. Na sifuri zisitupwe. Ukipata 999, iandike 0999, ziwe nne.

Kwamba sensa yetu inaanza na 6174 ni sadfa tupu. Nasema hivyo mapema kabla hamjaipeleka kwenye mikeka ya kubeti.

Baba wa Kalenga, mwambie mwanao ajaribu mwaka wake wa kuzaliwa. Kama ni 2013, atamaliza kwa hatua tatu: 3087, 8352, 6174. Kama ana mdogo wake wa 2014, huyo atahitaji zote saba, kuanzia 4086, na atasema kaka yake amependelewa. Wakimaliza kugombana, wape ya mkoa wenu, 1,192,728. Inagawanyika kwa 3 lakini haikubali 9, na waeleze kwa nini bila kugawanya. Wasomaji wangu wa Mbeya wana 2,343,754, ambayo haikubali hata 3, ila jumla ya tarakimu zake ni 28. Mmeshaiona hiyo 28 huko juu.